Mti Ndio Uliopima Msikiti

Leo nataka tuzungumze habari za paa.

Ukifika Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, utaonyeshwa mengi. Utaonyeshwa kisima cha maji matamu ilhali bahari iko hapo hapo karibu. Utaonyeshwa makaburi yenye minara, na mmoja wa minara hiyo unafika mita tano hivi kwenda juu. Utaonyeshwa misikiti miwili, na ule mkongwe zaidi wanahistoria wanauweka kwenye karne ya 13. Utasimama mbele ya mihrabu, utaona mahali watu walipotawadha, utaona na ngazi ya mawe ambayo mwadhini alipandia. Kila kitu utaonyeshwa, isipokuwa paa. Kuta zinapoishia, mbingu inaanza.

Sisi tumezoea hivyo. Tunasema magofu ya mawe, tunasema mji wa mawe, watoto wetu wanafundishwa kwamba ustaarabu wa pwani ulikuwa wa mawe. Si uongo. Lakini mimi nasema, na nasema kwa uzito kabisa, kwamba nyumba hizi zilikuwa za mti. Jiwe lilifanya kazi ya kuushika mti ukae juu. Mti ulipooza na kuondoka, jiwe likabaki peke yake, na sisi tuliokuja nyuma tukadhani jiwe ndilo lililokuwa na amri.

Tuanze na mkata mikoko. Huyu hauzi miti tu hivi hivi. Anauza fito, anauza pau, anauza mazio, anauza boriti, anauza nguzo, na kila jina lina unene wake, kuanzia kijiti cha kufumia ukuta wa udongo hadi gogo la kusimamisha nyumba. Boriti nzuri hutoka kwenye mkoko wenyewe, au kwenye muia, au mkandaa ukipatikana mnene. Gome la miti hii lina ule utomvu mkali ambao wazee walitumia kutia rangi ngozi na nyavu, na mchwa hawaupendi. Ndiyo maana boriti iliyokatwa vizuri na kukaa mahali pakavu hudumu vizazi. Delta ya Rufiji ndiyo ghala kubwa, lakini Bagamoyo nayo ina msitu wake, pale Ruvu inapomwaga maji baharini, kaskazini ya mji.

Majahazi ya Waarabu yalikuja na kaskazi, na yaliporudi na kusi yalikuwa yamesheheni boriti. Huko Kuwait, Bahrain na Oman miti ya kujengea ni adimu, na nyumba nyingi za kale za Ghuba zilifunikwa kwa mikoko ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo upana wa chumba cha mfanyabiashara wa lulu kule Bahrain uliamuliwa kwenye tope la delta zetu, na mtu aliyeshika shoka, maji yakiwa magotini.

Uliamuliwaje? Sikilizeni. Boriti hailali juu ya ukuta ikabeba kivuli. Inabeba mzigo. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa au miti midogo iliyobanana, na juu yake humwagwa zege la chokaa na kokoto za matumbawe, kisha watu wanakaa kuliponda kwa vipande vya mti siku baada ya siku, wakiimba, mpaka lishikamane na lisipitishe maji. Paa la namna hiyo laweza kupita futi moja kwa unene. Sasa mti mmoja, hata uwe na nguvu namna gani, ukiuweka juu ya nafasi ya mita tano na kuutwika mzigo huo, utapinda. Mafundi wa pwani walijua mpaka wake ni mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Basi ukiingia nyumba yoyote ya kale ya mawe, Lamu, Pate, Unguja au Bagamoyo, utakuta vyumba virefu vyembamba. Urefu wapendavyo wenye nyumba. Upana, apendavyo mkoko.

Na msikiti je? Msikiti hauwezi kuwa mwembamba kama ukumbi wa nyumba, kwa sababu watu wanataka kusimama safu ndefu bega kwa bega. Ukitaka upana zaidi, huna budi kusimamisha nguzo ndani, boriti zikutane juu yake. Ndiyo sababu katika baadhi ya misikiti ya kale ya pwani yetu utakuta safu moja ya nguzo inapita katikati kabisa ya ukumbi, ikielekea moja kwa moja kwenye mihrabu. Waliosali nyuma walimsikia imamu bila kumwona. Wageni waliokuja kutazama magofu haya wakashangaa: fundi gani anaweka nguzo mbele ya kibla? Fundi mwenye boriti za mita tatu, ndugu zangu. Alihesabu: nikigawa ukumbi mara mbili, kila upande mti mmoja unatosha. Nguzo ikaangukia katikati, na waumini wakaizoea hivyo.

Yapo mambo zaidi ya haya. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980. Akakuta msikiti chini ya msikiti, na chini ya huo mwingine. Alipofika chini kabisa, kwenye karne ya 8, hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na mashimo ya nguzo kwenye udongo, alama za miti iliyosimama hapo. Nyumba ya kwanza ya ibada ya Kiislamu tunayoijua katika pwani hii ilikuwa ya miti, na ya mawe ikajengwa juu yake, ikikaa mahali pake pale pale. Kilwa Kisiwani nako, ule msikiti mkuu unaopigwa picha na kila mtalii, sehemu yake ya kale ya kaskazini ilikuwa na paa bapa lililobebwa na nguzo za mti. Na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri, akaandika kwamba nyumba zake ni za mti. Watu wamehangaika sana na maneno yake hayo, maana mawe ya Kilwa yanaonekana hadi leo. Mimi naona msafiri yule alitumia macho yake. Mji uliobaki wote, nje ya msikiti na nyumba za wakubwa, ulikuwa miti, fito na makuti, na hata ndani ya nyumba za wakubwa, ukiinua uso, ulichokiona ni mti.

Hata chokaa yenyewe ni mtoto wa mti. Matumbawe hayageuki chokaa mpaka yachomwe, na tanuri la chokaa la pwani ni duara kubwa la magogo yaliyopangwa kwa ustadi, mawe yakiwekwa juu, moto ukiwashwa katikati. Hesabu magogo ya ukuta mmoja wa msikiti wa Kaole, utaona msitu mzima umesimama pale kwa sura ya jiwe jeupe.

Mtaniuliza, haya yote yamenijiaje. Yamenijia nikisoma habari za makanisa ya mbao ya Ukraine. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia makanisa kumi na sita ya mbao ya milima ya Karpati, nane yako Ukraine na nane Poland. Yamejengwa kwa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, pembeni yamekatwa ncha zake yakashikana yenyewe kwa yenyewe. Na kule pia mti ndio unaotoa amri: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko gogo. Kwa hiyo mafundi wa Ukraine walipanga vyumba vitatu kwa mstari, cha nyuma walikosimama wanawake, cha kati cha waumini wengine, na cha mashariki cha altare. Walipotaka ukubwa zaidi, na kwenda pembeni hakuna njia, wakaenda juu. Wakaupandisha mraba ukawa pembe nane, juu yake pembe nane ndogo zaidi, na juu tena, mpaka kanisa dogo la kijiji likawa na kimo kinachoonekana kutoka mlima wa pili. Sisi kwa tatizo lile lile tulisimamisha nguzo katikati. Wao walipanda. Mafundi wawili ambao hawakupata kuonana, wote wamefundishwa na mti.

Liko kanisa la Mtakatifu George katika mji wa Drohobych, mji wa wachemsha chumvi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 17 watu wa Drohobych walilinunua kanisa hilo kutoka kijiji kingine kwa malipo ya chumvi, wakalibomoa gogo kwa gogo, wakalibeba na kulisimamisha upya kwao. Sisi wa Bagamoyo, tunaoishi kando ya mashamba ya chumvi, tunaweza kuthamini bei hiyo.

Ndani ya makanisa hayo ndimo ziliko ikoni, na hapa nataka nitulie kidogo. Kati ya waumini na altare hujengwa ukuta wa picha takatifu, safu juu ya safu. Kanisa la Utatu Mtakatifu la Zhovkva, lililojengwa mwaka 1720, lina ukuta wa ikoni zipatazo hamsini, na viunzi vyake vimechongwa maua na mizabibu. Ikoni haichorwi juu ya mbao tupu. Ubao unapakwa chaki iliyochanganywa na gundi, tabaka baada ya tabaka, unasuguliwa hadi uwe laini, kisha rangi zinachanganywa na kiini cha yai, na mahali pa nuru panabandikwa dhahabu. Chumba ni kidogo, madirisha ni machache, taa ni mishumaa. Dhahabu ile inakamata mwanga mdogo uliopo na kuurudisha usoni kwa anayesali. Picha na jengo ni kazi moja. Ukiitoa ikoni ukaipeleka kwenye ukumbi mkubwa wa makumbusho wenye taa za umeme, umeiondolea nusu ya uhai wake.

Msikiti hauweki picha ya kiumbe. Lakini jicho la anayesali nalo linahitaji mahali pa kutua, na mafundi wa pwani walilijua hilo vizuri sana. Mihrabu walichonga kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado bichi, kwa sababu tumbawe bichi linakatika kwa kisu na likikauka linakuwa gumu. Kizimkazi, kusini ya Unguja, maandishi ya Kikufi kwenye kibla yana mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na herufi zake zimesukwa hadi mtu asiyejua kusoma anaziona kuwa ni ua. Na kwenye makaburi, Kaole na Kunduchi na mengine hadi Mambrui huko Kenya, walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka China. Ukuta mweupe wa chokaa, na ndani yake bakuli linalong'aa. Jua la asubuhi la huku kwetu linatoka baharini. Lilipopiga kwenye mnara wa kaburi, lile bakuli lilikuwa la kwanza kuwaka. Siwezi kutazama dhahabu ya ikoni nisifikirie kaure ya Kunduchi. Mtu mmoja alisali gizani akatafuta nuru ya mshumaa, mwingine alisali penye jua kali akapeleka nuru kwa wafu wake.

Leo mahali pengi pana tundu la mviringo tu. Bakuli limebanduliwa. Machache yamehifadhiwa kwenye makumbusho, na Kaole penyewe pana chumba kidogo cha vitu vya kale ambacho nawaombeni msikipite. Mengine yako kwenye kabati za watu tusiowajua. Jambo hili linaniuma, na sitalipunguza makali. Aliyeng'oa bakuli kutoka kaburini alimwibia marehemu na akatuibia sisi.

Kazi ya mti ya kupendeza macho haikuishia kwenye ibada. Pita katika mtaa wa zamani wa Bagamoyo, tazama milango ya nakshi, ile ya mvule na ya msaji, mfaa wake wa katikati uliochongwa kwa ustadi, kwa kuwa ndipo mgeni anapotupa jicho kwanza. Pengine nyumba yenyewe imekwisha anguka, mlango umebaki na ukuta wa mbele.

Sasa tuvuke kwenda kwa Wamisionari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakafungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kimbunga cha Aprili 1872, kilekile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, kikavunja majengo yao. Katika mwaka huohuo kulijengwa kanisa lenye mnara ambao bado upo, na tarehe 24 Februari 1874 ndani yake ukalazwa mwili wa David Livingstone. Wafuasi wake Chuma na Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi tunayoiita leo Zambia. Kanisa kubwa la sasa lilianzwa mwaka 1910 na kumalizika 1914.

Lakini ninachotaka mkikumbuke hapa ni mti tena. Huko Chitambo moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti wa mpundu, na mwenzao Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina lake. Baadaye mti ule ulikatwa, na kipande cha ubao wake kikatengenezwa msalaba. Uko Unguja, katika kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Sidhani kuna kitu kilicho karibu zaidi na ikoni katika pwani yetu nzima. Hakina dhahabu, hakina sura ya mtu. Ni ubao ambao watu wanajua ulikotoka, na wanaosimama mbele yake wananyamaza.

Na kanisa hilohilo la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873, linaonyesha gharama ya kuachana na boriti. Ukumbi wake ni mpana mno kwa mkoko wowote. Askofu Edward Steere, ambaye wengi mnamjua kwa kazi yake juu ya Kiswahili, alilifunika kwa kuba refu la zege la matumbawe, akaweza. Masultani wa Kilwa walijaribu njia hiyo katika karne ya 14, wakaupanua msikiti wao kwa makuba na matao. Sehemu kubwa ikaanguka, wakajenga tena katika karne ya 15. Aliyetaka kutoka chini ya amri ya mti ilimbidi awe na fedha, na ujasiri, na wakati mwingine mafundi wa kuanza upya.

Kwa nini makanisa ya mbao ya Ukraine yamesimama miaka mia tatu, mia nne, mia tano, na paa la Kaole halipo? Mbao si ngumu kuliko boriti. Baridi ya huko nayo ina uharibifu wake. Sababu ni kwamba vigae vya mbao vya mapaa yale hubadilishwa kila kizazi. Gogo la chini likioza linatolewa, linaingizwa jipya. Watu wanasali mle, wakiona tone la mvua wanapanda juu. Kaole watu waliondoka. Inasimuliwa kwamba mikoko na tope vilijaza bandari yao, majahazi yakahamia Bagamoyo, na watu wakayafuata. Mti uliowapa paa ndio uliowafungia bahari. Bila watu, mvua moja ikapita kwenye ufa, boriti moja ikalainika, na iliyofuata haikuwa na wa kuisaidia. Katika mji wenyewe wa Bagamoyo, misikiti inayosaliwa, ikiwamo ile yenye kumbukumbu ya Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya, kiongozi wa Qadiriyya aliyefariki mwaka 1931, ina mapaa kwa sababu ina watu. Siwalaumu walioweka mabati. Bati ni dalili kwamba kuna aliyejali mvua isiwanyeshee wanaosali.

Na tusidhani kwamba kusimama miaka mingi ni hakika ya kesho. Kanisa la mbao la Mtakatifu George katika kijiji cha Zavorychi, mkoa wa Kyiv, lilijengwa mwaka 1873, mwaka ule ule Steere alipoanza Mkunazini. Machi 2022 lilipigwa kwa makombora ya Warusi, likaungua lote. Picha zake zinaonyesha moto mtupu wenye umbo la kanisa.

Kwetu hakuna makombora, kuna saruji. Nasema hili kwa sababu nimeona kuta za kale zikizibwa nyufa kwa saruji na watu wenye nia njema kabisa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Unyevu na chumvi vinanaswa nyuma yake, jiwe linageuka unga, na baada ya miaka kiraka kinadondoka kikiwa kimeshikilia kipande cha ukuta. Ukuta wa chokaa unataka chokaa. Na chokaa inataka fundi anayejua kuichoma, kuizima kwa maji na kuiacha ikae miezi ndipo ifae.

Magofu ya Kaole leo yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Watu wengine walishangaa magofu kupewa watu wa misitu. Mimi nilifurahi. Wakala huohuo ndio unaolinda mikoko, na sheria inakataza kukata mkoko bila kibali, jambo ambalo ni sawa, maana mikoko ndiyo makazi ya kamba na samaki wetu na kinga ya ufukwe wetu. Basi mkono mmoja sasa umeshika msitu na msikiti. Ombi langu kwao ni dogo. Msiguse kuta za Kaole kwa kutaka kuzifunika. Ziachwe zilivyo, zitunzwe kwa chokaa. Lakini kando yake, nje ya mipaka ya makaburi, jengeni chumba kimoja tu cha mfano. Kuta za matumbawe, upana wa boriti moja, paa la zege la chokaa lililopondwa kwa mikono. Tafuteni mafundi wazee wa Bagamoyo na Unguja walio hai bado, wapeni vijana wa kuwafundisha, na watu wa TaSUBa, taasisi ya sanaa, wako hapo hapo mjini, wachongaji wao watengeneze mlango. Boriti zitoke Ruvu kwa kibali, zihesabiwe, na mahali zilipotoka papandwe miti mingine. Hazitazidi chache kwa chumba kimoja. Na kama mtaanza, anzeni na chokaa, ichomwe mapema na kuzimwa, ili boriti zikifika iwe tayari kuwangoja wapondaji.